Mwenyekiti, mtendaji, diwani: ongea na wananchi wako kabla uvumi haujawatangulia

Hii naiandika kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji, na waheshimiwa madiwani, hasa nyie wenyeviti mlioingia kwenye uchaguzi wa 27 Novemba 2024 maana sa hivi moto wa kampeni ulishapoa na watu wameanza kuulizana mbona kimya.

Najua kazi yenu ni ngumu. Mwenyekiti anaamshwa saa nane usiku kwa ugomvi wa wanandoa, asubuhi anagongewa kwa barua ya utambulisho, mchana kuna msiba, jioni mtu kajenga ukuta njiani, na posho yenyewe kila mtu anaijua ilivyo. Lakini kuna tabia moja inayowaharibia kazi yote hiyo nayo ni kunyamaza mpaka mpate jibu zuri. Pesa ya kumalizia zahanati imechelewa, mnasubiri ifike ndo muongee, mkandarasi kaondoa greda lake mnasubiri arudi, halafu miezi inapita hapo katikati hakuna aliyesema neno, sasa watu nao wana akili zao wanajaza wenyewe, na wanachojaza siku zote ni kile kile, "wameshakula". Mtu anaweza kukaa wiki nzima bila maji kama anajua kwanini yamekatika na yanategemewa kurudi lini, atakopa ndoo, atanunua madumu, atapanga siku ya kufua. Kinachomtoa uvumilivu ni kukosa maji na kukosa habari kwa pamoja.

Na kumpa habari sio hisani yenu kwake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake, na ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa mtu atashirikije kwenye jambo ambalo hajaambiwa?

Tuanzie kwenye tangazo, kwa sababu ndo hapo mnapoteza watu wengi. Matangazo mengi yanaandikwa hivi: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi la uboreshaji wa miundombinu hivyo mnaombwa kutoa ushirikiano." Mama mwenye genge pembeni ya barabara akisoma hiyo haelewi kama ahamishe meza zake au aziache. Andika hivi:

"Kuanzia Jumatatu asubuhi mkandarasi wa TARURA atachimba mtaro barabara ya shuleni, kuanzia kwenye transfoma mpaka msikitini. Kazi ni wiki mbili. Magari yatapita njia ya sokoni. Wenye vibanda upande wa kushoto ukitokea stendi tunaomba msogeze mpaka Jumapili jioni, wa kulia mbaki. Swali lolote njoo ofisi ya mtaa au piga namba ya mtendaji."

Umeona, ni maneno ya kawaida tu. Kuna nini, wapi, lini, nani anafanya, nani anaguswa, na akitaka kuuliza aende wapi. Kama kuna hela taja kiasi na namna ya kulipa, yani kama ni ada ya halmashauri sema italipwa kwa kontrol namba na risiti itatoka, ili mtu mwingine asije akapita mlango kwa mlango na daftari lake la kukusanyia. Halafu weka tarehe juu ya kila tangazo, nasisitiza hili, kwa sababu meseji za WhatsApp hazifi, tangazo la chanjo la mwaka juzi linaweza kuibuka leo na akina mama wakajipanga na watoto zahanati bila sababu.

Ukishaandika, jiulize nani hataliona. Viongozi wengi sa hizi wamefungua grupu wakadhani wamemaliza. Grupu ni zuri sana, silipingi, ila bibi mwenye kitochi hayumo, kijana aliyeishiwa bando ataona baada ya siku tatu, mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hajui hata kama lipo. Kwahiyo tangazo moja lipite njia kadhaa. Libandike kwenye ubao wa ofisi na pia dukani, kwenye mashine ya kusaga, zahanati. Mpe sheikh na mchungaji walisome baada ya ibada. Ongea na mwenyekiti wa kijiwe cha boda maana wale wanaongea na abiria kutwa nzima. Mwalimu mkuu akikubali watoto wapeleke karatasi nyumbani, hiyo inafika kila kaya yenye mwanafunzi. Kama ni jambo la haraka kama mafuriko au kipindupindu, tafuta gari au hata pikipiki yenye spika izunguke jioni watu wakiwa wamerudi. Na kuna mtu asiyesikia au asiyeona kwenye mtaa wako, unamjua, mpe mjumbe mmoja wa kamati jukumu la kumfuata nyumbani.

Kuhusu grupu lenyewe, ushauri wangu yawe mawili. Moja la matangazo tu, anayeandika ni mwenyekiti na mtendaji basi. Lingine la watu kuongea. Ukichanganya, tangazo la maji linazikwa chini ya salamu, matangazo ya viwanja na video za mpira, na mtu akikuuliza baadae unamwambia "nilishaweka kwenye grupu" wakati kweli hakuliona.

Kuna hili la kero zisizo zenu. Hapa ndo nawaonea huruma kidogo, kwa sababu mwananchi hatofautishi na wala halazimiki kutofautisha. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, hizi zetu za mitaani na vijijini ni TARURA tangu 2017, maji vijijini ni RUWASA na vile vyombo vya watumia maji, mijini kuna mamlaka za maji, nguzo ya umeme ni TANESCO. Yeye anachokijua ni ofisi yako kwa sababu ndo iko jirani. Ukimjibu "hilo halituhusu sisi" umemfungia mlango, na atakaporudi nyumbani atasema serikali imekataa, hatasema taasisi fulani. Mjibu hivi: "Daraja lile ni la TARURA. Nimewaandikia barua wiki iliyopita, nakala ipo ofisini unaweza kuiona. Ijumaa nitapiga simu kwa meneja wao wa wilaya, nitakachoambiwa nitakiweka kwenye ubao Jumamosi." Halafu Jumamosi ifike uweke kweli, hata kama ulichoambiwa ni "bado bajeti". Andika hivyo hivyo, TARURA wamesema fedha ya daraja haijatengwa mwaka huu, tunaliingiza kwenye maombi ya kata ya bajeti ijayo. Watu watanung'unika, ndiyo, ila watakuwa wanajua walipo.

Mikutano sasa. Vijijini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na mjini pia mtaa una mkutano wake, ila maeneo mengi watu wanaitwa pale tu mgeni mkubwa anapokuja. Wananchi wamechoka kuitwa kupiga makofi. Wakikataa kuja msiseme hawana mwamko, angalieni kwanza huwa mnawaitia nini.

Panga siku ambayo sio ya gulio. Muda uwe ambao akina mama wanaweza, saa kumi na mbili jioni wako jikoni na saa nne asubuhi mjini watu wako kazini, kwahiyo waulize wenyewe. Ajenda iende siku saba kabla, na iwe ya kueleweka, usiandike "mengineyo" halafu ndani yake ukaingiza mchango. Mkianza, anzeni na yatokanayo, yale mliyoahidi mkutano uliopita, moja moja, hili limefanyika, hili halijafanyika kwa sababu hii. Viongozi wengi wanaruka hapo haraka haraka na ndo sehemu watu walikuja kuisikia.

Mapato na matumizi usiyasome kama risala. "Tulikusanya milioni nne laki mbili, tukatumia milioni tatu laki tisa, baki laki tatu", hiyo haimsaidii mtu. Sema mlinunua mifuko mingapi ya saruji, kwa bei gani, duka gani, tripu ngapi za mchanga, fundi alilipwa ngapi, na risiti hizi hapa anayetaka azishike aje mbele. Mkumbuke ule mradi wa madarasa ya UVIKO mwaka 2021, yalikuwa 15,000 nchi nzima na kila mtu alijua darasa moja ni shilingi milioni 20. Kwa sababu namba ilikuwa wazi, hata mkulima ambaye hakusoma alikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya jengo, kulitazama na kuuliza hii ndo milioni ishirini? Hiyo ni nguvu kubwa sana kumpa mwananchi, na kiongozi msafi haina cha kumtisha, inamlinda.

Na michango ya shule muwe makini zaidi. Tangu 2016 watu wanaambiwa elimu ni bila malipo, leo unakuja na elfu tano ya kupaua boma la darasa, lazima mtu aulize. Mueleze serikali imeleta nini, pengo liko wapi, nani aliidhinisha, na kwamba mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hana. Asiye na hela akichangia nguvu, kusomba maji au mawe, liandikwe jina lake kwenye orodha ile ile ya waliochangia.

Habari mbaya ndo kipimo. Bomoabomoa, kuhamisha machinga, jina la kaya kutolewa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, mkopo wa kikundi kutoka ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kukwama. Sheria ni moja, muhusika aisikie kwako kabla hajaisikia kijiweni. Nenda mwenyewe, usimtume mgambo na karatasi. Mwambie uamuzi ni nini, umetoka ofisi gani, ana muda gani, na kama kuna pa kukata rufaa mwelekeze. Kama kuna kitu hukijui sema hukijui, mtaje nani anakijua na lini utarudi na jibu. Usimuahidi kitu ili tu akuachie uondoke, maana ile ahadi ya kujiokoa ndo itakayokusubiri mlangoni mwezi ujao.

Uwe na daftari la kero. Counter book ya kawaida inatosha, andika tarehe, jina, kero, umeipeleka wapi, jibu lililotoka. Kila anayeleta kero mpe namba yake. Ikija rasmi kwa maandishi ujue kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inatoa siku 30 kumjibu mtu aliyeomba taarifa, lakini kwa ofisi ya mtaa ambapo anayeuliza unakutana nae bombani kila siku, siku 30 ni nyingi mno, jitahidi ndani ya wiki umwambie hata imefikia wapi.

Mtu akikutukana kwenye grupu usimtoe hapo hapo. Soma tena meseji yake utafute swali lililomo ndani, mara nyingi lipo, mtu anayeandika kwa hasira "mnatuona wajinga taka zina wiki tatu" anauliza gari la taka linakuja lini. Jibu hilo la gari kwanza, mbele ya wote. Akiendelea na matusi baada ya kujibiwa hapo mpigie simu pembeni, na kama bado, sheria za grupu zifanye kazi. Ukianza na kumtoa, wenzake wote waliokuwa na swali hilo wananyamaza na wanahamia kwenye grupu lingine ambalo wewe haumo.

Mwisho ni kwa watendaji, kwa sababu mnahamishwa. Barua ya uhamisho ikija, kabla hujafunga mizigo mkabidhi anayekuja lile daftari la kero, nakala za barua ulizoandika, uadmin wa magrupu yote mawili na namba za wale watu wa kijiwe, msikiti na kanisa. Kama muda upo itisheni mkutano mmoja pamoja, umtambulishe, na usome mbele ya watu zile ahadi ambazo hazijakamilika ili azipokee mbele yao.