Namna ya kupanga kura za kiotomatiki kwenye Hive bila kuwapunja waandishi wengine

Mtu mwenye akaunti ya Hive (mtandao wa kijamii ambao machapisho hulipwa kwa sarafu ya kidijitali kulingana na kura za wasomaji) anayefuatilia waandishi wapatao ishirini hukabiliwa mapema na tatizo la muda, kwa sababu machapisho huingia usiku na mchana, malipo ya kila chapisho hufungwa baada ya siku 7, na kura iliyochelewa kupita hapo haimfikishii mwandishi chochote. Ndiyo maana huduma kama hive.vote, ambazo humpigia mtu kura hata akiwa amelala, zimepata watumiaji. Malalamiko juu yake nayo ni ya siku nyingi, tangu enzi za Steem, mtandao ulioanza mwaka 2016 na ambao Hive ilijitenga nao Machi 2020: kwamba mashine huwapa walewale kila siku, na anayeandika vizuri bila kujulikana hubaki mikono mitupu. Mwongozo huu haumwambii mtu aache kura za kiotomatiki. Unaeleza namna ya kuzipanga ili mashine itekeleze uamuzi ambao umekwisha kuufanya kwa kusoma, isije ikaamua badala yako.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, elewa fedha zinatoka wapi. Mtandao hutengeneza sarafu mpya kwa kiwango kilichopangwa, na sehemu yake huingia katika hazina ya zawadi ambayo waandishi na wapiga kura hugawana. Kura yako haiongezi chochote ndani ya hazina hiyo. Ni sinia moja la pilau, na kila tonge linalovutwa upande mmoja limepungua upande wa pili. Kwa hiyo kura iliyopigwa bila mtu kusoma, hata ikiwa ni ya nia njema, imetoka kwenye fungu la mwandishi ambaye hukupata hata kumwona.

Hatua ya kwanza ni hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea. Kila kura huipa uzito unaouchagua mwenyewe, na kura moja ya asilimia 100 hutumia asilimia 2 ya nguvu ya kura (akiba ya uwezo wako wa kupiga kura) uliyo nayo wakati huo, na nguvu hiyo hurejea kwa asilimia 20 kila siku. Maana yake ni kwamba anayepiga kura kamili 10 kwa siku hubaki karibu na ujazo wote. Sasa chukua mtu aliyeorodhesha waandishi 30 wanaochapisha kila siku, kisha akawapa wote asilimia 100 kwa kuwa hapendi kuonekana mchoyo. Baada ya siku kadhaa nguvu yake itashuka hadi kutulia karibu na theluthi moja, na kila kura yake, ingawa bado inaonyesha asilimia 100, itakuwa na uzito wa theluthi ya kura ya mtu mwenye ujazo kamili. Jumla anayogawa kwa siku ni ileile kama angewapigia 10 tu. Mwandishi wa 31 akiongezwa hapewi kitu kipya; anamegewa kutoka kwa wale 30, nao hawataambiwa.

Kwa sababu hiyo, anza kwa kuamua mashine igawe kiasi gani kati ya zile kura 10 za siku, na wewe ubaki na kiasi gani. Mimi huipa mashine uzito wa kura 4, yaani waandishi 8 kwa asilimia 50 kila mmoja, na zile 6 zilizobaki huzipiga kwa mkono baada ya kusoma. Mwenye kazi nyingi anaweza kugeuza uwiano huo, ila akiipa mashine zote 10 atakuwa amefunga mlango kwa kila mwandishi mpya, kwani hata akikutana na makala nzuri leo hatakuwa na nguvu ya kuipa. Weka pia kikomo cha nguvu, ambacho huduma hizi huwa nacho kwenye mipangilio, ili mashine isimame nguvu ikishuka chini ya asilimia 85 hivi. Kikomo hicho ndicho kitakacholinda fungu lako la mkono siku ambayo waandishi wote 8 wataamua kuchapisha mara mbili.

Orodha yenyewe isijazwe kwa majina makubwa. Waswahili walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwandishi anayejua kwamba kura zitaingia hata akiandika mistari minne ana kila kishawishi cha kuandika mistari minne. Jambo hilo limenipata. Kwa wiki kadhaa kura yangu ilikuwa ikimfuata mwandishi mmoja ambaye zamani aliandika vizuri sana kuhusu kilimo cha bustani, na siku nilipofungua ukurasa wake nikakuta picha ya kitalu kilekile cha nyanya, imepigwa kutoka pembe ileile, chini yake pameandikwa salamu za asubuhi na tarehe tu. Kura yangu ilikuwepo kila siku, katika dakika ileile. Kosa halikuwa lake peke yake.

Tangu hapo ninaweka masharti mawili kwa kila jina. Kwanza, mwandishi awe nimemsoma kwa mkono angalau makala tano, na bora zaidi awe yule ambaye kura za wengine hazimfikii, kwa kuwa kumwongezea nyangumi (ndivyo wanavyoitwa wenye sarafu nyingi, na sisi wengine ni dagaa) hakubadilishi lolote ila kulipunguza sinia. Pili, kuwe na ukomo wa kura kwa wiki kwa kila mwandishi, ninapendelea 3. Anayechapisha kila siku atalazimika kushindania kura zangu za mkono kama wengine wote. Jina lako mwenyewe usiliweke kwenye orodha. Mfumo unaruhusu kujipigia kura, lakini kujipangia mashine ifanye hivyo kila siku ni kujichotea hadharani.

Suala la muda linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo lililozipa mashine sifa mbaya. Mpiga kura naye hulipwa: tangu Agosti 2019 malipo ya chapisho hugawanywa nusu kwa mwandishi na nusu kwa waliompigia kura, ilhali awali wapiga kura walipata robo. Kwenye mfumo wa zamani aliyewahi alipata zaidi ya aliyechelewa, lakini aliyewahi mno alikatwa, na kwa muda mrefu mstari wa makato ulikuwa dakika 30 za mwanzo. Mashine zikawa zinavizia karibu na mstari huo kwa hesabu za sekunde, na binadamu aliyekuwa bado anasoma aya ya tatu akawa amekwisha kupitwa. Hive iliondoa utaratibu huo kwa mabadiliko ya Juni 2021. Sasa kura zote zinazopigwa ndani ya saa 24 za kwanza huhesabiwa sawa katika malipo ya mpiga kura. Zinazopigwa katika saa 48 zinazofuata huhesabiwa nusu, na baada ya hapo thumni moja.

Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuharakisha. Ukiona chapisho la maneno elfu mbili limepigiwa kura kumi na tano katika dakika ya kwanza, fahamu kwamba wenye mashine hizo wamebaki na mipangilio ya zamani au hawajali. Weka uchelewesho wa saa 12 au hata 18, ambao huandikwa kwa dakika, yaani 720 au 1,080. Hupotezi chochote katika malipo yako, na unapata nusu siku ya kupitia macho chapisho hilo na kusimamisha kura iwapo ni la kunakili, la kurudia au la kudanganya. Kumtoa mtu kwenye orodha kwa muda kabla kura haijapigwa ni rahisi kuliko kurekebisha kura iliyokwisha kuingia kwenye blokicheni, yaani daftari la kudumu la mtandao.

Kuna aina ya pili ya kura za kiotomatiki, nayo ni kujiunga na msafara: mtu mmoja anapiga kura, na akaunti zote zilizomfuata zinapiga baada yake. Faida yake ni kwamba kiongozi anayesoma kwa bidii anaweza kumwinua mwandishi asiyejulikana kwa mara moja. Hatari yake ni kwamba kosa lake, au upendeleo wake kwa marafiki, nalo huzidishwa na akaunti zote zilizo nyuma yake, na kwenye msafara wa mamba kenge hawakosekani. Kabla ya kujiunga, pitia kura za kiongozi za siku 30 zilizopita na uhesabu majina tofauti aliyoyapigia; majina kumi yanayojirudia yanatosha kukuambia kwamba huo ni mduara wa watu wanaolishana. Ukiridhika, chagua kura yako ifuate kipimo cha kiongozi, ili alipotoa asilimia 10 yako isitoke kamili.

Kwa upande wa usalama nitasema kidogo. Huduma halali inahitaji ruhusa ya kuchapisha na kupiga kura tu, ruhusa ambayo haiwezi kuhamisha fedha. Inayokudai ufunguo wa malipo au ufunguo wa umiliki (nywila za siri zinazotawala fedha na akaunti yenyewe), achana nayo.

Fungu la mkono, mwisho, litumike pale mashine isipofika. Orodha za kiotomatiki hufuata machapisho makuu, hivyo aliyeandika maoni marefu ya kusahihisha kosa la mwandishi hupata sifuri. Ila angalia kiasi: chapisho au maoni ambayo jumla ya kura zake haijafikia thamani ya dola 0.02 hayalipwi kabisa, kwa hiyo asilimia 5 ya akaunti ndogo, ikiwa imesimama peke yake, inaweza kuwa tabasamu tupu. Toa ya kutosha kuvuka kiwango hicho, au ongeza pale ambapo wengine wameanza. Na mara moja kwa wiki, mimi huchagua Jumapili, fungua orodha yako, soma chapisho moja la kila mwandishi aliyemo, na yule ambaye usingempigia kura kwa mkono leo, mfute leo.