Rimoti ya gari imekufa? Usivunje kioo, anza hapa

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, muuguzi, alinipigia simu saa tatu usiku akiwa ametoka zamu. "Shikamoo fundi. Nabonyeza rimoti, gari haliitiki kabisa. Kaka mmoja hapa ananishauri tuvunje kile kioo kidogo cha nyuma." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Mwambie huyo kaka aweke jiwe chini. Geuza rimoti, tafuta kijiloki kidogo pembeni, kisogeze." Dakika chache baadaye alikuwa njiani kwenda nyumbani.

Nafanya umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Mengi ninayoshika ni ya Japani, yanayowashwa kwa kitufe: Harrier, Crown, Vanguard, Noah, X-Trail, Demio. Inaniuma kuona mtu analipia gari la kuvuta, au ananunua ufunguo mpya, kumbe kilichokwisha ni betri ndogo kama sarafu.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni hili: rimoti ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutuma mawimbi ya kufungua milango na kuliarifu gari kwamba uko karibu, na hiyo inakula betri. Ya pili ni chipu ya kuzuia wizi, ambayo haihitaji betri hata kidogo. Ukiisogeza kwenye kitufe cha kuwashia, koili (waya uliozungushwa) iliyopo pale inatoa mawimbi, chipu inapata umeme wake humo humo na kujitambulisha. Kwa hiyo rimoti iliyokufa bado inaweza kuwasha gari.

Hatua ya 1: Ingia kwa ufunguo wa chuma

Ndani ya rimoti umefichwa ufunguo mdogo wa chuma. Sogeza kijiloki, uvute. Tundu lake liko mlango wa dereva, na kwenye baadhi ya magari limefunikwa kwa kipande cha plastiki kwenye mkono wa mlango. Kama alamu imewekwa, inaweza kulia ukifungua. Usiogope, ingia uendelee na hatua ya 2. Gari likiwaka itanyamaza.

Jaribu ufunguo huu leo, gari likiwa zima na mchana kweupe. Nimeshakutana na magari yaliyouzwa na rimoti isiyo na chuma ndani, au yenye chuma cha gari jingine. Pia tundu lisiloguswa miaka mitano hujaa vumbi na kukaza, hasa kwetu tunaoishi na upepo wa chumvi. Likikaza, saga risasi ya penseli, paka unga wake kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Usiweke oili ya injini, itanasa vumbi zaidi.

Hatua ya 2: Washa

Gia iwe P, kanyaga breki. Kwa Toyota, gusisha kitufe cha kuwashia kwa upande wa rimoti wenye nembo. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe hapo hapo, maana una sekunde chache tu. Nissan na Mazda nyingi zinakwenda kwa njia hiyo hiyo ya kugusisha. Baadhi ya magari ya zamani, mfano Prius iliyotoka 2003, yana tundu kwenye dashibodi: chomeka rimoti humo kwanza.

Kama dashibodi haiwaki taa hata moja na honi haitoki, usihangaike na rimoti. Betri ya gari ndiyo iliyolala, tafuta waya za kubusti.

Hatua ya 3: Badili betri ya rimoti

Hapa usiwe na haraka. Dalili huja mapema: inabidi usogee karibu zaidi ili mlango uitike, taa ndogo nyekundu ya rimoti inafifia, au dashibodi inaonyesha picha ya ufunguo na maandishi ya Kijapani ambayo wengi tunayapita.

Toa ufunguo wa chuma. Kwenye nafasi uliyoutoa utaona mwanya. Funga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa, iingize, zungusha taratibu mpaka ganda liachane sehemu mbili. Usichokonoe, bodi ya ndani ni nyembamba. Kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu uone betri imelala upande upi. Alama ya kujumlisha inaangalia juu kwenye rimoti nyingine na chini kwenye nyingine, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi.

Soma namba ya betri. CR2032 maana yake upana ni milimita 20 na unene milimita 3.2. CR2016 ina upana huo huo, lakini unene ni milimita 1.6 tu. Ile rimoti ya muuguzi nilipoifungua, nilikuta CR2016 imelazwa kwenye nafasi ya CR2032, na chini yake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa mara nne kujaza pengo. Kutu ya kijani ilishaanza kuota kwenye temino, yaani vyuma vinavyogusa betri. Aliyeifanya hivyo alipokea hela ya betri kamili. Nunua namba ile ile, si inayofanana.

Betri mpya ipimwe na mita: isome volti 3 au zaidi kidogo. Lakini mita isikudanganye kwa betri kuukuu. Inaweza kusoma 2.9 ikiwa haina mzigo, kisha ukibonyeza kitufe inaanguka. Futa temino kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, shika betri mpya kwa kingo zake, irudishe kama kwenye picha. Hakikisha mpira mwembamba wa kuzuia maji umekaa kwenye mfereji wake, kisha bana ganda mpaka lilie.

Betri ya zamani izungushie selotepu pande zote, uiweke mbali na watoto. Nalisema hili kwa uzito wote. Betri ya saizi hii ikikwama kwenye koo la mtoto inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, mkimbize hospitali muda huo huo.

Ili betri idumu, usiweke rimoti karibu na gari usiku kucha, wala juu ya televisheni au simu inayochajiwa. Kwenye Toyota nyingi za karibuni unaweza kuilaza kabisa: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, taa itamweka mara nne. Ukibonyeza kitufe chochote inaamka. Njia hii pia inawanyima nafasi wezi wanaovuta mawimbi ya rimoti kutoka ndani ya nyumba na kuyarusha hadi kwenye gari.

Hatua ya 4: Tengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungalipo

Magari mengi yanashuka bandarini yakiwa na rimoti moja tu. Ukiwa nayo, fundi anaongeza nyingine kwa kuisajili. Ikipotea ukiwa huna ya pili, mfumo wa kuzuia wizi lazima ufutwe na kuanzwa upya, na gharama inapanda sana.

Ukinunua rimoti mtandaoni, sura isikutose. Nyingi za gari za Japani zinatumia mawimbi ya megahezi 312 au 314. Za Ulaya ni 433. Ganda litafanana kila kitu na mlango hautaitika. Rimoti iliyowahi kusajiliwa kwenye gari jingine nayo, kwa Toyota nyingi, haikubali kusajiliwa tena mpaka ifunguliwe kwa mashine maalumu, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatuma hela. Siku ya kusajili, nenda na rimoti zote ulizonazo, na usiondoke gereji kabla hujawasha gari kwa kila moja, kisha kwa kila moja tena ikiwa imetolewa betri.