Kupaka urushi bakuli la mbao katika hewa ya Visiwani

Vanishi ya dukani huanza kukauka kwa kupoteza tina iliyomo ndani yake, ndiyo maana seremala huiweka kazi penye upepo na jua. Urushi ukiifanyia hivyo itakaa mbichi siku nenda siku rudi. Urushi ni utomvu wa mti wa Mashariki ya Mbali, na ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho lakase ambacho huikaza kwa kutumia oksijeni na unyevu wa hewa. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 28 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85. Japani, ambako wakati wa baridi hewa hukauka sana, mafundi huweka kazi zao ndani ya kabati la mbao lililoloweshwa maji. Unguja na Pemba hewa ya nje tu inakaribia vipimo hivyo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kazi ya fundi wa huku si kuihimiza urushi, ni kuizuia isikimbie. Maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi zenye hewa kavu, ukiyafuata neno kwa neno wakati wa masika, yatakuharibia bakuli.

Njia ya kuanzia ni kupaka urushi mbichi na kuipangusa yote, mkono baada ya mkono, yaani tabaka baada ya tabaka, mpaka mbao ing'ae huku mishipa yake ikionekana. Vyombo vya Wajima, mji wa Japani, vinavyovishwa kitambaa na udongo uliochomwa kabla ya rangi ya juu, hupita hatua zaidi ya 100. Hiyo si kazi ya mtu anayejifunza.

Jikinge kwanza

Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Ule utomvu wa kikonyo cha embe unaochubua midomo, na ule wa ganda la korosho unaounguza vidole, ni ndugu wa karibu wa urushi, ila urushi mbichi ni kali zaidi. Upele hautoki papo hapo. Huanza kuwasha baada ya siku moja au mbili, kisha hutoka malengelenge ambayo yanaweza kukaa wiki mbili au tatu. Aliyewahi kudhurika na embe au korosho asiiguse kabisa bila ushauri wa daktari.

Vaa glavu za nitrili, maana zile za mpira wa kawaida hupenyeza, na nguo ya mikono mirefu utakayoitenga kwa kazi hii tu. Ikikugusa, usikimbilie maji wala tina. Sugua mafuta ya nazi, pangusa kwa tishu, rudia, kisha ndipo uoge kwa sabuni. Tambara na tishu zilizotumika usizichome pamoja na takataka, kwani moshi wake huumiza koo na mapafu. Zitandaze nje pasipofikiwa na watoto mpaka zikauke kabisa, ndipo uzitupe.

Vifaa

Tyubu ya gramu 50 ya urushi mbichi iliyochujwa inatosha bakuli kadhaa. Ni ghali, na si ajabu: mti hukua miaka 10 hadi 15 kabla ya kugemwa, na kwa msimu mmoja hutoa kiasi cha gramu 200 tu. Soma maandishi ya tyubu kwa makini, kwa sababu iko rangi ya Kijapani iliyotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, inafanana na urushi lakini hukauka kwa njia nyingine. Si mbaya, ila maelezo haya hayaifai. Na asikudanganye mtu kwamba unaweza kukamua maganda ya korosho nyumbani ukapaka. Mafuta hayo hayakauki yenyewe mpaka yatengenezwe kiwandani, na yatakuunguza bure.

Utahitaji pia tapentaini, spiriti, mafuta ya nazi, brashi ngumu ya nywele fupi, msasa namba 240, 400, 800 na 1500, kipande cha kioo, na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina mpinzani. Nunua na kipima unyevu kidogo chenye kuonyesha joto. Bila hicho utakuwa unabahatisha.

Kasha la kukaushia si lazima liwe la fahari. Deli la samaki lililooshwa na kukaushwa hadi harufu imeisha linafaa, au kasha la mbao lenye mfuniko. Weka vijiti viwili chini ili bakuli lisimame juu yake bila kugusa kitu. Muhimu zaidi ni mahali. Chumba cha chini chenye kuta nene za mawe, kama zile za Mji Mkongwe, hakibadiliki sana kati ya mchana na usiku. Chumba cha bati adhuhuri ya kaskazi hupanda kupita nyuzi 35, na unyevu hushuka hapohapo. Chenye kiyoyozi nacho hakifai, kwani kiyoyozi hunyonya unyevu wote.

Bakuli

Mfenesi na mwembe zinafaa vizuri. Msaji una mafuta ndani yake na urushi haishiki sawasawa, kwa hiyo uache mpaka uzoee. Mbao iwe imekauka kweli, kwani bakuli lililochongwa likiwa bichi litapindika chini ya urushi na kupasuka kwenye kitako. Piga msasa 240 kisha 400, kufuata mishipa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, na tangu hapo usilishike kwa mkono mtupu.

Hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapokwama bila kujua sababu. Chumvi huizuia lakase. Jasho la kidole huacha alama isiyokauka, na maji ya kisima yenye chumvi, ukiyatumia kupigia msasa wa maji, huacha madoa yanayonata ambayo hayaondoki ila kwa kukwangua. Tumia maji ya mvua, au ya mfereji ikiwa hayana ladha ya chumvi. Anayefanya kazi karibu na ufuo afunge dirisha la upande wa bahari.

Mikono

Kabla ya kila mkono, paka tone la urushi kwenye kioo, livute liwe jembamba, uliweke ndani ya kasha na uliangalie. Likianza kushika baada ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili, hewa iko sawa. Likishika ndani ya saa mbili au tatu, ni mapema mno: toa kitambaa chochote chenye maji, acha mfuniko wazi kidogo, au ngoja siku yenye unyevu mdogo. Lisiposhika baada ya siku nzima, tandika kitambaa kilichokamuliwa chini ya kasha. Wakati wa masika mara nyingi hutahitaji maji hata tone. Wakati wa kusi, kukiwa na upepo mkavu, kitambaa kimoja kinatosha.

Mkono wa kwanza ni wa kunywesha. Changanya urushi sehemu 10 na tapentaini sehemu 3 kwa uzito. Bakuli la upana wa sentimita 15 hutumia gramu 3 hadi 5. Paka kote, ndani, nje, kitako na hasa ncha za mishipa zinazonywa sana, kwani ukiacha kitako kitupu mbao itavuta unyevu upande mmoja na kupindika. Ngoja dakika kumi, ongeza palipokauka, kisha pangusa yote. Liingize kasha siku mbili.

Likikauka piga msasa 400 kwa wepesi, mpaka unyoya uliosimama ulale. Usiendelee mpaka ukaifikia mbao.

Kuanzia mkono wa pili urushi haichanganywi na kitu. Gramu moja hivi inatosha bakuli zima. Isambaze kwa brashi au kwa kitambaa kilichofinyangwa, kisha pangusa kwa kitambaa cha kwanza, cha pili, na cha tatu kikavu kabisa. Kitambaa cha tatu kikitoka na rangi ya chai, bado. Kikitoka na kivuli tu, basi. Angalia kwa taa ya pembeni kwenye mikunjo ya kitako, maana urushi hujificha hapo na kutengeneza ukingo mweusi. Kausha siku nzima. Piga msasa 800 kwa maji baada ya mkono wa tatu, na 1500 baada ya wa tano. Mikono sita inatosha chombo cha kutumia. Minane au kumi huleta mng'ao wa kina ambao vanishi haiwezi kuufikia.

Kujua kama imekauka, usiguse. Karibia uso wa bakuli na uupulizie pumzi ya moto ya kinywa kilichofunguka. Pumzi ikiacha ukungu mweupe wa kibuluu unaotoweka polepole, urushi imeshika na inangoja kukomaa. Ikibaki inang'aa bila ukungu, irudishe kasha.

Brashi isioshwe kwa tina. Ioshe kwa mafuta ya nazi, ukamue mpaka mafuta yatoke safi, kisha ihifadhi nayo. Lakini kabla ya kuitumia tena, yatoe yote kwa spiriti. Mafuta yakibaki yanaingia kwenye kazi, na mstari wa brashi utabaki unanata wakati pengine pote pamekauka. Ukiona mistari inayonata badala ya madoa ya duara, lawama ni ya brashi, si ya vidole.

Yanayoharibika

Mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa hutokea pale urushi ilipokuwa nene na hewa ina unyevu mwingi: ngozi ya juu imekauka, chini bado bichi. Haitibiki kwa mkono mwingine. Ngoja wiki mbili ikomae hadi chini, iondoe kwa msasa 400, uanze upya kwa wembamba zaidi. Rangi kugeuka nyeusi kupita ulivyotarajia nayo ni dalili ya kukauka haraka. Hilo si kosa kubwa, kwani urushi hupungua weusi na kuwa angavu miezi na miaka inavyokwenda.

Ikibaki mbichi pote hata baada ya siku tatu, tazama kipimo kabla ya kulaumu tyubu. Tyubu iliyokaa miaka huweza kufa, lakini mara nyingi utakuta kasha liko kwenye nyuzi 34 na unyevu wa asilimia 55.

Kutumia

Baada ya mkono wa mwisho, bakuli likae mahali penye hewa na kivuli mwezi mmoja au zaidi, mpaka harufu kali iishe. Urushi iliyokomaa haimdhuru mlaji na inastahimili supu ya moto. Inachoshindwa ni jua, ambalo huufifisha uso wake, na kuloweshwa usiku kucha kwenye beseni. Osha kwa sifongo laini na sabuni kidogo, usitumie kumbi la nazi wala mchanga, ukaushe kwa kitambaa mara moja. Ung'aro ukipungua baada ya miaka, piga msasa 1500 kwa wepesi na uongeze mkono mmoja.