Kabla ya Kupiga Picha Tishu za Mmea kwenye Hadubini

Picha mbaya ya tishu za mmea mara nyingi imeshaharibikia kwenye wembe, simu ikiwa bado mfukoni. Kwa hiyo maandalizi yaanzie hapo. Nunua nyembe mpya kadhaa, kwa sababu bua la mahindi lina nyuzi ngumu na makali hupotea baada ya mikato michache. Kama wembe una makali pande zote mbili, ziba upande mmoja kwa plasta. Vidole vitakuwa karibu mno na chuma.

Mmea ukatwe siku hiyohiyo na uwekwe kwenye maji, maana ukinyauka seli zake hunywea. Kwa kulinganisha, andaa bua changa la mahindi na shina changa la alizeti: kwenye mahindi mafungu ya zailemu (mirija ya maji) na floemu (mirija ya chakula) yametawanyika shina zima, kwenye alizeti yamejipanga kwa duara. Jani ni laini mno kukatwa peke yake. Pasua kipande cha karoti, lichomeke katikati, ukate vyote pamoja.

Sasa mkato wenyewe. Lowesha wembe na shina, kisha vuta makali kwa mshazari kuelekea kwako kwa mwendo mmoja, bila kurudisha nyuma. Usikate vipande viwili vitatu ukaridhika. Kata hata ishirini, vitie kwenye kisahani cha maji kilichowekwa juu ya karatasi nyeusi, uvitazame: kinachoonekana cheupe ni kinene, unachotaka ni kile ambacho jicho linakitafuta kwa shida. Wala si lazima kiwe duara kamili. Kipande kilichokatika upande, lakini chenye ukingo mwembamba wa tabaka moja au mbili za seli, kina faida kuliko duara zuri lenye tabaka kumi zilizorundikana. Kihamishie kwenye slaidi, yaani kioo cha kuwekea kipande, kwa brashi ndogo ya kuchorea, kwani kibano hukichana.

Rangi iwe tayari kabla ya kukata. Toluidini buluu ya asilimia 0.05 hufanya kazi nyingi: iache kwa muda usiofika dakika moja, suuza, na kuta za zailemu zenye lignini (kitu kinachozifanya kuwa ngumu kama mti) zitatoka buluu ya kijani huku seli laini zikiwa na zambarau. Kama unatafuta wanga, iodini yatosha. Kioo cha kufunikia kishushwe kwa mshazari, ukingo mmoja ukitangulia kugusa maji, ili hewa ipate pa kutokea. Kiputo cha hewa ni duara safi lenye ukingo mnene mweusi, na wanafunzi wengi hukichora wakidhani ni seli.

Kwa simu, futa lenzi zake na za hadubini, zima flashi, na uwe na kishikilio, kwa kuwa mkono hautulii. Anza na lenzi ya 4x, kisha 10x. Ya 40x hukaribia mno slaidi, hivyo futa maji yote yaliyomwagika juu ya kioo. Gusa kioo cha simu kwa muda ili kufunga fokasi, punguza mwanga, weka kipima muda cha sekunde 2. Usivute picha kwa zumu ya simu.

Jambo linalosahaulika sana ni kipimo. Kuandika "400x", yaani imekuzwa mara 400, chini ya picha hakuna maana, kwa sababu picha ikikuzwa kwenye skrini namba hiyo inakuwa ya uongo. Piga picha ya rula ya hadubini, ambayo milimita 1 imegawanywa mara 100, kwa kila lenzi utakayotumia na simu ikiwa palepale. Usipoipata, rula ya kawaida ya plastiki angavu hufaa kwa 4x. Kabla ya kuondoa kila slaidi, andika jina la mmea, sehemu iliyokatwa, rangi na lenzi.