Mashine ya kukatia nyasi yenye kiti inapokataa kuwaka: kutafuta hitilafu ya umeme

Masika yanapoanza, mashine zilizolala kiangazi chote cha kaskazi hutolewa ghalani, na nyingi hukataa kuwaka. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mtunza bustani mmoja wa Nyali, ambaye tajiri wake alikwisha nunua betri mpya na stata mpya, ilhali ubovu ulikuwa kwenye kebo ya arthi, ile inayounganisha upande hasi wa betri na chuma cha mashine. Unahusu hali moja tu: umegeuza ufunguo na stata haizungushi injini, au inaizungusha kwa unyonge. Injini inayozunguka kwa nguvu bila kushika moto ina ugonjwa mwingine.

Hatua ya 1: Sikiliza. Geuza ufunguo mara moja. Mlio wa haraka unaojirudia humaanisha kwamba betri imeishiwa nguvu au kiungo fulani kimelegea. Mlio mmoja mzito humaanisha kwamba solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata, imevuta lakini umeme wa kutosha haufiki kwenye stata. Kimya kitupu humaanisha kwamba amri ya ufunguo haifiki kwenye solenoidi, nawe uende hatua ya 4 mara tu betri itakapothibitika kuwa nzima.

Hatua ya 2: Betri. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza. Wakati wa kuzungusha injini isishuke chini ya volti 9.6, ikishuka licha ya kuchajiwa, imechoka.

Hatua ya 3: Kebo nene na arthi. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, hasa pwani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na mashine nyingi huoshwa kwa maji ya kisima ambayo hapa kwetu mara nyingi yana chumvi pia. Shaba huoza na kugeuka kijani ndani ya mpira, wakati kwa nje kebo inaonekana nzima kabisa.

Usiipime kebo hiyo kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kebo iliyobaki na nyuzi mbili tatu itaonyesha karibu sifuri, kwa kuwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, hupitisha umeme mdogo mno, ilhali stata hudai makumi ya ampea. Bomba lililoziba nusu hutoa matone vizuri tu. Upungufu wake huonekana unapotaka kujaza ndoo. Kwa sababu hiyohiyo siipendi taa ya kupimia katika kazi hii: huwaka vizuri kwenye kebo mbovu, na fundi huridhika. Multimita ya bei nafuu inatosha, mradi isome volti kwa desimali mbili. Usijaribu kupima ampea za stata kwayo, kwa maana utaunguza fyuzi yake.

Kinachopimwa ni volti zinazopotea njiani wakati stata inafanya kazi. Vua waya wa plagi na uufunge kwenye chuma cha injini ili isiwake. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi juu ya kichwa hasi cha betri chenyewe, si juu ya kibanio chake, na ncha nyekundu kwenye bolti safi ya injini, isiyo na rangi wala kutu. Mwenzako ageuze ufunguo kwa sekunde tano, kisha stata ipumzike. Volti 0.2 ni nzuri, 0.5 au zaidi ni hitilafu. Kisha sogeza ncha nyekundu kipande kwa kipande: kibanio, mwisho wa kebo, chasisi, injini. Mahali ambapo tarakimu inaruka ndipo penye ubovu. Fanya hivyohivyo upande chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye bolti ya stata.

Ukipata kiungo kichafu, kisugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha upake grisi juu yake, si kabla. Kebo iliyooza ndani haitengenezeki. Nunua ya milimita za mraba 16, nami huongeza kebo ya pili kutoka kichwa hasi moja kwa moja hadi kwenye injini, kwa sababu siamini chasisi yenye kutu.

Hatua ya 4: Njia ya ufunguo. Kagua fyuzi, kisha swichi za usalama za pedali ya breki na za visu. Katika mashine nyingi swichi ya kiti haizuii stata. Kazi yake ni kuzima injini unapoinuka visu vikiwa vinazunguka, kwa hiyo usianze nayo. Unaweza kuunganisha swichi kwa waya wakati wa kupima tu. Wanaoziacha hivyo daima huhatarisha miguu ya watu. Solenoidi yenye nguzo tatu za kufungia waya hupata arthi kupitia mwili wake, kwa hiyo kutu chini ya bolti zake pekee huleta kimya.

Hatua ya 5: Solenoidi na stata. Pima kati ya nguzo mbili kubwa za solenoidi ufunguo ukiwa umegeuzwa: ikivuta na bado ukasoma karibu volti 12, ibadilishe. Mchezo wa kuziunganisha kwa bisibisi hutoa cheche karibu na gesi ya betri, uache. Volti zikifika kwenye stata nayo isizunguke, sasa ifungue.

Injini ikiwaka, pima betri tena ikiwa kwenye kasi ya kufanyia kazi. Isome kati ya volti 13.5 na 14.5, ikibaki 12, mashine haichaji, na betri itaisha tena.