Weka kanula kichwani kwanza

Wadogo zangu wa uuguzi mlioko mazoezini hapa Tanga, chukueni hii. Ukiwa kwenye daladala kutoka Pongwe asubuhi, fumba macho ujione kichwani, kwa mawazo tu, ukimwekea mgonjwa kanula (kile kimrija cha plastiki cha kupitishia dawa au maji mshipani). Si kujiambia tu "leo nitapata". Pitia kila hatua kwa kasi ileile ya mkono. Funga turniketi (ule mkanda wa kubana mkono), papasa mpaka usikie mshipa unanesa chini ya kidole (ukipiga kama moyo, hiyo ni ateri, achana nayo). Safisha kwa spiriti, ngoja ikauke. Vuta ngozi, ingiza sindano kwa nyuzi 15 hadi 30. Damu ikichungulia, laza sindano kidogo, sukuma kanula, fungua turniketi, bana mshipa kwa kidole mbele ya ncha ya kanula, ndipo uchomoe sindano.

Mimi nilikuwa nasahau kuifungua hiyo turniketi. Siku moja damu ikatapakaa shukani, bibi wa watu akaniambia tu, "Pole, mwanangu." Sasa hatua hiyo huirudia mara tatu.

Fikiria na mshipa ukikukimbia: utamwambia nini mgonjwa? Halafu, ukifika, kamalizie kwenye ule mkono wa plastiki wa kujifunzia. Kichwa peke yake hakichomi.