Kutibu uvujaji wa mafuta na kuitengeneza upya silinda hedi ya Morris Minor

Mwenye Morris Minor, gari dogo la zamani la Kiingereza, hapa Unguja anapoliona doa jeusi chini ya gari asubuhi, jambo la mwanzo analolifikiria ni kununua gasketi (kizibo bapa cha viungo vya injini). Kabla ya hapo inampasa ajue mafuta yanatoka wapi, kwa sababu mahali yanapodondokea mara nyingi sipo yanapoanzia: huteremka kwenye ubavu wa injini, upepo wa feni na wa mwendo huyasukuma nyuma, na mwisho hukusanyika chini ya sampu (bakuli la mafuta la chini ya injini) au kwenye nyumba ya klachi, mbali na chanzo chake.

Ioshe injini kwa brashi na mafuta ya taa ikiwa imepoa kabisa, ikaushe vizuri, kisha inyunyizie poda ya kawaida ya kujipaka. Endesha kilomita tano hivi, zima, halafu mulika kwa tochi kutoka juu kwenda chini. Mstari wa unyevu juu ya weupe wa poda utakuonyesha penye kasoro, na sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Katika injini hii, iwe ya cc 948 ya kuanzia 1956 au ya cc 1098 iliyofuata mwaka 1962, sehemu zinazovuja zaidi ni kava ya roka (kifuniko cha mikono inayozifungua vali) na vifuniko viwili vya tapeti (vipande vinavyosukuma fito za kuziendesha roka) vilivyo ubavuni, chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi), ambavyo havionekani na kwa hiyo husahauliwa. Gasketi ya koki ya kava igandishwe kwenye kava peke yake, si kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali), na nati zake zikazwe kwa kiasi, kwani koki iliyobanwa kupita kiasi hupasuka na kuvuja kuliko ile ya zamani. Washa (pete bapa) ya shaba ya sampu hulainika tena ukiipasha moto hadi iwe nyekundu na kuitia majini.

Uvujaji wa nyuma unahitaji maelezo zaidi, maana ndio unaopoteza fedha za watu. Nyuma ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ya injini hii hakuna sili ya mpira. Kuna mfereji uliochongwa mfano wa hesi ya skrubu, ambao krenki inapozunguka huyarudisha mafuta ndani. Mfereji huo hufanya kazi iwapo tu ndani ya injini hakuna shinikizo. Bomba la kupumulia likiziba kwa masizi, au ringi za pistoni zikichoka na kupitisha moshi, mafuta husukumwa nje na kudondoka kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, lenye pini ndogo inayoning'inia. Niliwahi kuiteremsha injini nzima ya gari moja ya mtaa wa Kikwajuni kwa ajili ya uvujaji huo, nikabadilisha kila gasketi, na wiki ya pili mafuta yakarudi. Dawa ilikuwa kulizibua bomba hilo, kazi ya nusu saa. Tangu hapo huanza na bomba, kisha hupima mgandamizo wa silinda. Kipimo kikiwa chini, tia kijiko cha mafuta ya injini katika tundu la plagi na upime tena: kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, kasoro imo katika vali au gasketi ya hedi, na hapo ndipo hedi inapostahili kufunguliwa.

Mwaga maji ya rejeta kabla ya kugusa roka, kwa sababu nati nne kati ya tisa za hedi ndizo pia zinazoshika vibao vya roka. Zilegeze zote kidogo kidogo, ukianzia nje kuja kati. Toboa matundu manane kwenye kipande cha boksi na uzipange vali humo, ili kila moja irudi kwenye kiti chake.

Hedi iliyokwisha kusafishwa iwekewe rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu na kwa kukingama. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1 ikipita chini yake, ipeleke ikachongwe uso. Itikise kila vali ndani ya gaidi yake (mrija unaoiongoza), kwani gaidi iliyolegea hunyonya mafuta, na moshi wa buluu wakati wa kuwasha gari hutokana zaidi na hapo. Tazama pia viti vya vali za ekzosi (za kutoa moshi). Vilichongwa ndani ya chuma cha hedi yenyewe, wakati petroli ilipokuwa na madini ya risasi yaliyovilinda. Petroli hiyo iliachwa karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara kufikia 2006. Ukikuta kiti kimezama, usijaribu kukisaga tu, bali mwambie mchongaji akutilie viti vya chuma kigumu.

Kusaga vali ni kazi ya subira. Paka dawa ya kusagia, anza na ya chenga kubwa umalize na laini, na uipekeche kwa viganja fimbo ya kusagia iliyonasa vali, ukiinyanyua vali mara kwa mara na kuigeuza. Acha unapopata mduara mwembamba wa kijivu usiokatika. Osha dawa yote, funga vali na springi, igeuze hedi na ujaze mafuta ya taa vyumba vya mwako, mbali na moto. Vali inayovujisha kwenye mlango wake irudiwe. Hewa yetu ya bahari hutia kutu uso uliochongwa kwa usiku mmoja tu, kwa hiyo upake mafuta ikiwa hufungi siku hiyo.

Gasketi ya shaba ina maandishi yanayoonyesha juu na mbele; yafuate. Hakikisha tundu la mafuta la kibao cha roka cha mbele liko wazi, la sivyo roka zitakauka. Kaza kwa spana ya kipimo, kutoka kati kwenda nje, kwa awamu tatu hadi kufikia Nm (nyutoni-mita) 54. Nafasi za tapeti ziwekwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi, kwa kanuni ya tisa: vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, na kadhalika, jumla iwe tisa daima. Katika rejeta tia maji ya mvua, si ya kisima, kwani maji yaliyopita katika mawe ya chokaa ya visiwa vyetu huacha ukoko ndani ya hedi. Baada ya kilomita mia chache kaza tena nati za hedi injini ikiwa imepoa, upime tapeti upya, kisha uinyunyizie injini poda mara ya pili.